Kuku Waliochagua Muziki wa Mzimu

Kwa muda mrefu kupita kiasi, tena nikiwa tayari na cheti cha kidato cha nne ukutani, niliamini kwamba Stesheni Masta alichagua watunga muziki wa filamu zake kwa kutumia kuku. Niliamini kabisa, si nusu nusu. Habari yenyewe ilikuwa hivi: unampelekea muziki wako kwenye flashi, anaichomeka kwenye spika uani kwake, kuku wake wanasikiliza, na yeye amekaa kwenye stuli anawatazama. Kuku wakiendelea kula, inapanda bendera nyekundu, chukua flashi yako uende. Kuku wakisimama ghafla na kuinua vichwa, inapanda ya kijani, umepita.

Aliyenieleza ni dereva wa bodaboda wa pale Itigi, mkoani Singida, ambaye alichungulia juu ya ua kwa macho yake mwenyewe, akaona kuku wote wameganda kama wanapigwa picha na bendera ya kijani iko hewani. Akaongeza kwamba jogoo alitikisa kichwa kukubali. Hilo la jogoo nadhani nililiongeza mimi, lakini baada ya wiki mbili tatu hata yeye dereva alikuwa analikumbuka vizuri.

Wala sikuona ajabu. Kuku wa Singida si ndege wa kuchezea. Mabasi yanasimama pale kituo cha Mkiwa kwa ajili yake, abiria wa Dar es Salaam wanampokea kupitia dirishani kama mtoto wa kaka yao. Kuku anayeheshimiwa hivyo atashindwaje kujua muziki?

Stesheni Masta alikuwa amestaafu reli zamani, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Mtu mwembamba, mrefu, kofia ya kazi kichwani hata Jumapili, na suruali yenye mstari wa pasi ambao ungeweza kukatia kitunguu. Mimi nilimfahamu kwanza kama mwalimu. Mchana nilikuwa nakamua alizeti kwenye mashine ya mjomba, jioni naingia darasa la watu wazima nikinuka mafuta, na yeye alikuwa anatufundisha jiografia bure, kwa sababu, alisema, hakuna mtu aliyemwambia aache.

Alifundisha dunia nzima kama njia ya reli. Mto Naili ulikuwa unaondoka Ziwa Viktoria na kuwasili Misri, ukichelewa njiani kwa sababu ya mabwawa. Milima ilikuwa matengenezo ya njia. Bahari ilikuwa mwisho wa reli, abiria wote washuke na mizigo yao. Kwenye mtihani wa taifa niliandika hivyo hivyo na nikafaulu, na mpaka leo nawaombea dua wasahihishaji.

Alikuwa na neno moja ambalo sisi wanafunzi wake tungeweza kulichonga kwenye mlango wa darasa. Ukimwambia jambo lolote, aliinua kiganja na kusema, "Rudia." Unarudia. Naye anakurudishia neno kwa neno, kisha anasema, "Imepokelewa." Tuliambiana kuwa ndivyo watu wa reli wanavyoongea kwenye simu zao, maana ukikosea neno moja treni mbili zinakutana uso kwa uso. Kwa hiyo hata salamu ilikuwa safari. Unasema shikamoo. Rudia. Shikamoo. Umesema shikamoo. Ndiyo, mzee. Marahaba, imepokelewa. Ukimwendea na shida ya haraka, shida iliisha yenyewe hujamaliza kumwamkia.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, yeye hakuwa na haja ya rudia. Walikuwa wanaelewana kwa kuangaliana. Mzee anainua nyusi, chai inakuja. Anainua kidole, sukari inaongezwa. Nikidhani ni mapenzi, na mapenzi yalikuwepo, nilimwambia mchumba wangu wa wakati ule kwamba na sisi tutafika hapo. Akanijibu tuanze kwanza kwa kuongea kama watu.

Sasa filamu. Binti yake aliyeolewa Dodoma alimletea kamera ili apige picha za wajukuu wakija likizo. Wajukuu hawakuja, kamera ikabaki na mzee mwenye nafasi. Mtu mwingine angepiga picha za harusi. Yeye akatangaza kwamba atatengeneza filamu ya kutisha, iitwe *Abiria Asiye na Tiketi*. Hadithi ni ya mtu aliyefia kwenye treni kabla hajalipa nauli, na kwa kuwa hajalipa, ardhi imekataa kumpokea, kwa hiyo kila magharibi anarudi stesheni kumtafuta mtu wa kumkatia tiketi.

Mzimu nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya urefu, na kwa sababu nilikuwa natoka moja kwa moja mashineni, mafuta ya alizeti yamenijaa usoni, na unga wa mtama ulinishika bila kudondoka. Waigizaji wengine walikuwa wanapakwa mara mbili. Mimi nilipakwa mara moja nikawa mzimu mpaka kesho yake.

Aliongoza filamu kwa bendera zake za kazi. Kijani, igiza. Nyekundu, simama hapo hapo ulipo, hata kama mguu uko hewani. Siku moja ng'ombe wa watu waliingia katikati ya tukio, akawainulia nyekundu, na naapa ng'ombe wa mbele alisimama akamwangalia kama anayesubiri maelezo.

Lakini kitu kilichomtofautisha na watengenezaji wote wa filamu duniani, na hapa sizidishi, ni adabu. Kwenye tukio kubwa, mzimu unamtokea mlinzi mzee wa stesheni kutoka gizani. Nikatoka gizani nikanguruma. Bendera nyekundu. Akaniuliza huyu mzee aliyekaa hapo ananizidi umri au hanizidi. Nikasema ananizidi. Akaniuliza sasa mbona sijamwamkia. Nikamweleza kwamba mimi ni maiti. Akaniambia rudia, nikarudia, akalirudisha lote neno kwa neno, halafu akasema:

"Mzimu hauna ruhusa ya kukosa adabu kwenye stesheni yangu."

Kwa hiyo kwenye filamu yetu mzimu unatoka gizani, unga usoni, macho yamepinda, unasema "Shikamoo." Mzee anaitikia "Marahaba," anainua macho kuona ni mtoto wa nani, ndipo anapiga yowe.

Hiyo peke yake ingeweza kuvumilika. Kilichotuua ni muziki. Muziki aliuweka kijana mmoja wa Singida mjini, tuliyemwita Prodyuza, aliyeishi kwa kurekodi nyimbo za maharusi. Alikuwa na kinanda, na kwa kuwa sisi hatukuwa nacho, tukaona ni mtaalamu. Siku ya kuonyesha, banda la video la pale Itigi lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya watu. Nikatokea gizani kwenye skrini. Ngoma ya Prodyuza ikaingia chini yangu, tamu, ya kubembea, ile ya kuingiza maharusi ukumbini. Mama mmoja wa mbele akapiga kigelegele. Nikasema shikamoo, banda zima likaitikia marahaba kwa kiitikio, wakasimama, wakacheza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nyuma. Walinigundua, wakanibeba, wakanitunza kama bwana harusi. Waliomba mzimu urudishwe nyuma ili wacheze tena, na ukarudishwa.

Stesheni Masta hakuona hata kipande. Mtu aliyetaka kutisha watu hakuweza kutazama filamu ya kutisha. Hata kinyonga akimwona njiani alikuwa anageuza na kupita njia nyingine. Alisimama nje wakati wote, mgongo kwa mlango. Watu walipotoka wakijipangusa jasho, akaniuliza kama waliogopa. Nikasema walifurahi sana mzee. Akasema rudia. Kulisema mara ya kwanza nilikuwa nimejikaza. Mara ya pili nililisema nikitazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mzimu wa Harusi. Nikishuka basi Mkiwa, wauza kuku walikuwa wananipigia makofi ya ile ngoma na kunidai hatua mbili tatu. Nilialikwa sherehe ambazo simjui hata mwenye nyumba. Baba wa mchumba wangu akatuma ujumbe kwamba binti yake hawezi kuolewa na kichekesho. Na mwenye banda akamwambia Stesheni Masta, kwa upole wote, kwamba Sehemu ya Pili ataionyesha, ila ataitangaza kama vichekesho.

Mzee aliinyoosha kofia yake. Kisha akasema anataka mtu mmoja tu aogope. Mmoja. Baada ya hapo kamera ataipeleka Dodoma ikawafuate wajukuu.

Kwa hiyo mnaelewa sasa kwa nini suala la nani atunge muziki wa Sehemu ya Pili halikuwa mchezo kwangu. Mzimu ulikuwa bado mimi. Muziki ukiwa wa kucheza tena, nitazikwa nikiwa Mzimu wa Harusi na watu watanisindikiza wakicheza. Nikaamua kutunga mwenyewe. Tangazo lilikuwa limepita kanisani, msikitini na kijiwe cha bodaboda, flashi zikawa zinatoka Manyoni, Ilongero, kila upande, na ndipo dereva aliponipa ile siri ya kuku.

Nilifanya kazi kama mwenda wazimu. Nilirekodi kwa simu mashine ya alizeti ikikwama na lango la mjomba likilia. Nililia mwenyewe ndani ya ndoo ya plastiki mpaka nikapata mafua. Kisha nikafanya kile ambacho washindani wangu, kwa ujinga wao, hawakukifikiria: niliwajaribia kuku wa mama yangu. Niliwapigia muziki asubuhi na jioni, nikawaangalia usoni. Mmoja akajificha chini ya kihenge. Wengine wakaacha kutaga. Mama yangu alisema ni msimu. Mimi nikasema ni sanaa.

Siku ya uamuzi tulikuwa tumebaki watatu. Prodyuza, ambaye aliomba nafasi ya kujisafisha jina. Mimi. Na mwalimu wa kwaya kutoka Mitundu, mama mmoja mnene mpole aliyefika na mkoba mtupu. Ilikuwa mchana, jua la kukausha nyama. Stesheni Masta alikaa kwenye stuli yake, bendera mbili magotini. Sisi watatu kwenye benchi. Ng'ambo ya ua, mbele ya jiko, Mama alikuwa kwenye mkeka anapeta uwele kama alivyokuwa anapeta kila tulipofika, na kuku wamemzunguka. Stesheni Masta aliangalia upande ule bila kupepesa. Sisi watatu tukawakazia kuku macho.

Prodyuza akaanza. Aliongeza radi, aliongeza mwanamke anayepiga mayowe, lakini chini ya yote ile ngoma ya maharusi ilikuwa bado inatembea zake. Kuku wakaendelea kudonoa. Nyekundu. Alininong'oneza kwamba kuku wa Itigi ni washamba, wa mjini wangeelewa.

Ikaja zamu yangu. Mashine ikakwama, lango likalia, ndoo ikaomboleza. Jamani. Kuku walipagawa kwa furaha. Walikimbiliana, wakakanyagana, jogoo akawaita majike wa jirani, wakaruka ua wakaja. Sijaona karamu kama ile hata Krismasi. Mama alikuwa ameinamia ungo, mabega yanatetemeka, nikadhani ni vumbi la pumba limemkaba. Bendera nyekundu ilipanda mpaka nikaona imepita kofia.

Yule mwalimu wa kwaya akasimama. Akamwamkia mzee, akasema hana flashi. Rudia. Hana flashi, ataimba tu. Imepokelewa. Aliuliza swali moja: mzimu unamwamkia mlinzi wakati gani? Akaelezwa kwamba ni pale unapotoka gizani. Basi akafumba macho, akaanza wimbo wa kubembeleza mtoto. Wimbo wa kawaida kabisa, kila mtu Singida amelazwa nao mgongoni kwa mama yake. Aliuimba chini, taratibu, mstari kwa mstari, na alipofika neno la mwisho, lile ambalo mtoto anasinzia nalo, akanyamaza. Hakulisema.

Tukalisubiri. Halikuja. Nilisikia nywele za mikono zinasimama moja moja, nami ni mtu mzima mwenye cheti. Ungo ulikuwa kimya. Nikageuka kuwatazama kuku: wote, kuanzia jogoo, wamesimama wima, shingo juu, jicho upande, hakuna anayedonoa.

Bendera ya kijani ikapanda.

Prodyuza alilalamika kwamba huo ni wimbo wa watoto, hauna hata mdundo. Stesheni Masta alimwomba arudie, akarudia, akamrudishia neno kwa neno, akasema imepokelewa, kisha akainuka kwenda kunawa mikono ale. Mimi sikulalamika. Mahakama ya kuku ilikuwa imesema, na nimelelewa kuheshimu mahakama.

Siku ya kuonyesha Sehemu ya Pili, mwenye banda alikuwa ameandika mlangoni "Vichekesho vya Mzimu wa Harusi", na watu walikuja na vigelegele vyao tayari mdomoni. Nikatokea gizani kwenye skrini. Hakuna ngoma. Sauti ya yule mama, ile ya chini, ikaanza kubembeleza. Watu wakatulia, wengine wakaanza kuyumbayumba kidogo kama wanavyoyumba watoto. Wimbo ukafika mwisho na haukuisha. Nikasogea. Nikasema, kwa heshima zote, "Shikamoo."

Na mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele, si mwigizaji, mtazamaji tu, mtu wa kuamkiwa kila siku ya maisha yake, akaitikia kwa mazoea, "Marahaba."

Akasikia alichokisema. Banda zima likasikia. Ndipo benchi la kwanza lilipoanguka, likaangusha la pili, na mlango ukawa mdogo. Walitoka watu wengi kuliko walioingia. Kandambili zilizobaki mle ndani zingeweza kufungua duka. Mwenye banda alipita dirishani, na banda lile halikuwa na dirisha.

Stesheni Masta alikuwa nje kama kawaida yake, mgongo kwa mlango, mpaka watu walipoanza kumpita mbio kushoto na kulia. Akageuka. Nilipomfikia aliniuliza, "Wameogopa?" Nikasema wameogopa, mzee. Hakuniambia nirudie.

Jina la Mzimu wa Harusi lilikufa palepale. Wauza kuku wa Mkiwa walianza kuninunulia soda na kunisihi niondoke mapema. Bodaboda walikataa kunibeba jua likishazama. Baba wa mchumba wangu nilipokwenda kumsalimia aliniamkia yeye, mzee mzima, ulimi ulimteleza, na mazungumzo ya mahari yakaisha kabla chai haijapoa. Yule mchumba ndiye mke wangu leo. Ndiyo maana nawaheshimu kuku. Mpaka mwaka huu nilikuwa siwezi kumla jogoo bila kumshukuru kwanza, na kila mgeni aliyekanyaga kwangu aliisikia hadithi ya kuku wa Stesheni Masta, ikiongezeka kidogo kila msimu. Toleo la mwisho lilikuwa na tetea aliyezimia.

Baada ya mavuno ya mwaka huu tulikwenda kumwona, mimi na mke wangu, na dumu la mafuta ya alizeti. Amezeeka vizuri. Kofia ipo, mstari wa suruali upo. Rudia zimekuwa nyingi, ya tatu na ya nne, na mara nyingine anatazama tu midomo yako, kisha anamgeukia Mama, Mama anamwonyesha kwa mkono. Kamera haikwenda Dodoma. Aliniambia anafikiria Sehemu ya Tatu, akanipima kwa macho kuanzia juu, alipofika tumboni akatikisa kichwa, akasema kwamba huyu abiria sasa atalipia viti viwili. Akacheka mpaka kofia ikamwangukia pajani, kisha akasinzia palepale kwenye stuli, jua la jioni magotini.

Mimi, uani pale pale ilipotokea, ningewezaje kunyamaza? Nikaanza kumsimulia mke wangu kwa mara ya elfu, safari hii nikimwonyesha mahali penyewe: hapa benchi letu, hapa stuli, kuku wale pale, jogoo mkuu wa majaji alisimama hapo, tetea akazimia huku. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, anapeta. Alinisikiliza mpaka kwenye bendera ya kijani. Kisha akaweka ungo chini, akaniuliza kama hayo mambo ya kuku nayasema kwa utani.

Nikamwambia hapana, Mama, mbona tuliona wote.

Alimtazama mumewe aliyesinzia, akanitazama mimi, na akasema bila kucheka:

"Mwanangu, kuku wanajuaje muziki? Nilikuwa napeta uwele. Nikitikisa ungo punje zinadondoka, wao wanakula. Wa kwako ulinichekesha, nikamwaga nusu ya ungo, ndiyo wakaja mpaka wa jirani. Yule mama alipoimba nikashtuka, nikaacha kupeta, punje zikakata, wakainua vichwa. Baba yenu hasikii vizuri tangu tuko stesheni, ni zile honi. Muziki wote ule hakusikia hata mmoja. Alikuwa anaangalia mikono yangu."